Mkono Juu ya Plagi

Plagi ya boti iliyoungua ina alama isiyofichika. Kuzunguka jino moja kati ya matatu, plastiki huwa imegeuka rangi ya kahawia, ikavimba, ikaanza kulainika na kupinda. Meno mengine mawili yanaweza kuwa bado yanang'aa. Waya nyuma yake ni mzima, na breka ya gatini, ile swichi ya kukata umeme mzigo unapozidi, haikushtuka hata mara moja. Mwenye boti husema umeme umekuja mwingi. Fundi anayeijua kazi yake huigeuza plagi mwangani, akalitazama lile jino moja, na jibu lake ni jingine: umeme ulikuwa wa kawaida kabisa, kilichopungua ni mgusano.

Mahali pazuri pa kumtazama fundi wa namna hii ni Seattle, kaskazini-magharibi mwa Marekani, kwenye gati za Shilshole Bay Marina. Hapo pana nafasi za boti takriban 1,400. Maji ni ya chumvi, na wako watu wengi ambao hawafungi boti wakaenda zao. Wanaishi humo mwaka mzima. Mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na nusu jioni, mvua haikatiki, na baridi ya maji hupenya ubavuni mwa boti hadi kitandani. Kila anayelala humo anawasha hita. Umeme wa hita hizo hutoka kwenye nguzo iliyosimama gatini, hupita katika kebo ya njano yenye urefu wa mita 15 hivi, kisha huingia botini kwa tundu lililopachikwa ubavuni, lenye kifuniko cha kuzuia mvua.

Plagi zenyewe ni za duara. Meno yake matatu yamepindwa kufuata duara hilo. Unaichomeka, unaizungusha kidogo upande wa kulia, nayo inajifunga. Kampuni ya Hubbell ya Connecticut ndiyo iliyoleta aina hii ya plagi ya kuzungusha katika miaka ya 1930, na mpaka leo boti nyingi za Marekani hutumia ile ya ampea 30 na volti 120. Ni plagi iliyobuniwa kwa akili. Tatizo ni kwamba haiishi kiwandani penye ukavu. Inaishi penye chumvi, unyevu na chombo ambacho hakitulii hata siku ya shwari.

Hita moja ya kawaida ya Marekani ni ya wati 1,500. Gawa kwa volti 120, unapata ampea 12.5. Hita mbili ni ampea 25. Breka ya ampea 30 haioni kosa lolote hapo. Lakini mafundi hushika kanuni kwamba mzigo wa saa nyingi mfululizo usizidi asilimia 80 ya uwezo wa breka, na asilimia 80 ya 30 ni 24. Aliyewasha hita mbili usiku kucha ameuvuka mpaka huo kwa ampea moja, na hakuna taa wala king'ora cha kumwambia.

Hata hivyo ampea moja haiunguzi boti. Ili kuelewa kinachoiunguza, inabidi kumrudia James Prescott Joule, mtoto wa mtengeneza bia wa Salford, Uingereza, ambaye mwaka 1841 alichapisha kanuni ya joto la umeme: joto linalozaliwa katika njia ya umeme ni mkondo uliozidishwa kwa mkondo wenyewe, kisha ukazidishwa kwa ukinzani wa njia hiyo. Fundi wa gatini anaitumia kanuni hiyo kichwani bila kuitaja. Kebo nzima ya mita 15, kwenda na kurudi, ina ukinzani wa karibu sehemu moja ya kumi ya omu. Mkondo wa ampea 24 ukipita humo, joto lake ni wati 57 na ushei. Zimetandazwa kwenye mita zote hizo za waya, upepo unazipokea, na mkono unaoishika kebo husikia vuguvugu tu. Sasa chukua ukinzani uleule, sehemu moja ya kumi ya omu, uuweke wote mahali pamoja, kwenye jino la plagi lenye upana usiozidi ukucha wa kidole. Wati ni zilezile 57. Chuma cha kulehemia nyaya za redio mara nyingi hakifiki hapo. Ndani ya plastiki, gizani, kimewashwa usiku kucha.

Breka haiwezi kujua. Yenyewe huhesabu mkondo unaopita, na mkondo haujabadilika. Volti zilizopotea kwenye jino lile hazifiki mbili na nusu, taa haififii, friji inaendelea kunguruma. Hii ndiyo sababu ninaiheshimu kazi hii kuliko kazi nyingi za umeme: hatari yake haionwi na chombo kilichowekwa kuilinda. Lazima pawe na mtu.

Mtu huyo anajua jambo ambalo macho hayakubali kwa urahisi, kwamba vyuma viwili vilivyosuguana na kubanana, kwa kweli havijagusana isipokuwa katika vijipointi vichache. Uso wa shaba uliosuguliwa ukang'aa bado ni wa milima na mabonde ukiutazama kwa karibu sana, na milima ndiyo inayokutana. Ragnar Holm, Msweden aliyefanya utafiti katika maabara za Siemens mjini Berlin, alitumia sehemu kubwa ya uhai wake katika vijipointi hivyo na kuandika kitabu kizima juu ya mgusano wa umeme ambacho wahandisi wanakisoma hadi leo. Kubwa tunalojifunza kwake ni kwamba eneo la jino peke yake halitoshi, nguvu ya kubana ndiyo yenye neno. Ukibana zaidi, milima hulala, pointi huongezeka, ukinzani hushuka. Ukilegeza, umeme wote uliokuwa umegawana njia nyingi unasukumana katika njia chache.

Ndani ya soketi, kinachobana ni kijichuma cha shaba ya njano kilichopindwa kiwe springi. Hiki ndicho moyo wa habari yote. Boti inayumba, kebo inaning'inia kwa uzito wake, na jino linasugua taya za soketi mchana na usiku. Unyevu wa chumvi unaingia, shaba inaota kutu ya kijani na utando mweusi wa oksidi, ambao haupitishi umeme vizuri. Ukinzani unapanda kidogo, joto linapanda kidogo. Shaba ya njano ikipata joto mara kwa mara hupoteza ukakamavu wake, kwa hiyo taya hulegea. Zikilegea pointi hupungua. Joto huongezeka tena, na utando hunenepa haraka zaidi. Mambo haya yanaweza kwenda polepole misimu kadhaa pasipo mtu kuona. Halafu inakuja wiki moja ya baridi kali, hita zote zinawashwa, na kilichochukua miaka kinamalizika usiku mmoja.

Nimemtazama fundi wa kazi hii akianza, na kilichonivutia ni kwamba hakufungua sanduku la zana. Aliomba mzigo uwashwe: hita, chaja ya betri, kila kinachowashwa siku za kawaida. Kisha akangoja nusu saa. Plagi baridi haina la kusema. Muda ulipotimia alitoa kipimajoto cha kulenga, kama vile vilivyokuwa milangoni wakati wa korona, akakielekeza kwenye kebo katikati, akasoma, akasogea hadi mwili wa plagi, akasoma tena. Hakukilenga kwenye chuma. Chuma kinachong'aa hukidanganya kipimajoto cha aina hiyo, huonekana cha baridi wakati kina moto. Plastiki ndiyo inayosema kweli. Baada ya hapo aliweka kiganja. Alianza na kebo, akaupeleka mkono taratibu kuelekea kichwa cha kebo, yaani plagi, kwani anachotafuta ni tofauti. Kebo yenyewe ndiyo kipimo: plagi ikiwa na joto kuliko waya unaoilisha, kuna mgusano ulioanza kuharibika.

Pua nayo ina kazi. Baadhi ya plastiki za vifaa vya umeme zikichemka hutoa harufu inayofanana na ya samaki. Kwenye nyumba ya mjini harufu hiyo ingemshtua mtu mara moja; gatini, nani atashangaa kusikia harufu ya samaki? Fundi anashangaa. Huinama akanusa tundu la boti kabla ya kuuliza kama kuna aliyevua.

Kisha hupima. Anapima volti nguzoni na volti ndani ya boti wakati mzigo uleule unavuta, na kutoa moja kwa nyingine. Anajua kebo peke yake itakula volti 2.4 ikiwa mkondo ni ampea 24. Akikuta zimepotea volti 4, zile 1.6 zilizozidi zina mahali pake, na mahali hapo panazalisha wati 38. Ni uchunguzi wa kuondoa yasiyohusika mpaka linabaki moja. Kazi hii ya kupima umeme ulio hai ni ya fundi tu. Kwa mwenye boti, mkono na pua vinatosha.

Umeme ukishazimwa nguzoni na kebo ikachomolewa pande zote mbili, ndipo sanduku linafunguliwa. Hapa ndipo ninapoona ukomavu wa fundi, katika anachokataa kufanya. Hapigi msasa jino lililoungua ili kulirudisha kazini. Msasa unaondoa weusi, lakini unaondoa pia ule utando mwembamba wa nikeli unaolinda shaba, na haurudishi ukakamavu wa springi. Wala habadilishi upande mmoja. Plagi mpya ikiingizwa katika soketi iliyochoka, taya zile zilizolegea zitaiunguza na yenyewe, na baada ya msimu mmoja mwenye boti atakuwa amenunua kichwa cha kebo mara mbili. Kichwa cha kebo na tundu la boti hubadilishwa pamoja, hata kama moja linaonekana zima.

Anakata waya nyuma ya sehemu iliyoungua, anamenya, anatazama nyuzi. Zikiwa nyeusi anakata tena. Chumvi hupanda ndani ya ganda la waya ikifuata nyuzi, ikafika mbali kuliko alama za nje zinavyoonyesha. Anaendelea kukata hadi shaba ing'ae, na pale ambapo waya ni mfupi mno kwa kukatwa tena, anaubadilisha kwa ule wa baharini, ambao kila uzi wake umepakwa bati. Ncha haziwekei lehemu kabla ya kuzifunga kwa skrubu. Mtu angedhani lehemu inaimarisha; ukweli ni kwamba ni laini, na ikibanwa husogea kidogo kidogo mpaka skrubu ile iliyokazwa vizuri inakuwa imelegea yenyewe. Anahakikisha hakuna ganda la waya lililoingia chini ya skrubu. Anakaza kwa bisibisi yenye kipimo cha nguvu, anautingisha waya, anakaza tena, kwa sababu nyuzi hujipanga upya zinapobanwa mara ya kwanza. Mara nyingi moto haukuanzia kwenye jino hata kidogo, ulianzia hapa nyuma, kwenye skrubu ambayo hakuna aliyeitazama tangu boti ilipoundwa.

Pwani yetu tunaye ndugu wa fundi huyu: fundi wa kalafati, anayesindilia pamba iliyolowekwa mafuta katikati ya mbao za jahazi na kujua kwa mlio wa nyundo kama ufa umejaa. Wote wawili wanafanya kazi ndani ya nafasi isiyoonekana, na wote kipimo chao ni jinsi vitu viwili vilivyobanana.

Baada ya kufunga tundu jipya na kulizungushia mpira wa kuzuia maji, fundi humfundisha mwenye boti namna ya kuchomeka. Anaizima breka ya nguzoni kwanza. Vifaa vya ndani ya boti navyo vizimwe. Kebo inaunganishwa kwenye boti, kisha nguzoni, na breka huwashwa mwisho kabisa. Wakati wa kuondoka ni kinyume chake: mzigo unazimwa, breka inazimwa, nguzoni kunachomolewa kwanza. Kwa utaratibu huo hakuna wakati ambapo ncha yenye umeme inaning'inia mkononi mwa mtu au inatumbukia majini, na hakuna cheche. Cheche ya kuchomoa plagi yenye mzigo huacha kishimo kidogo kwenye jino, na kila kishimo ni pointi zilizopotea. Watu wengi huchomoa kebo hita ikiwa bado inavuta, kwa haraka tu ya kutaka kung'oa nanga, na wanailipia haraka hiyo Desemba inayofuata.

Kisha pete. Upande wa boti, plagi ina pete kubwa ya plastiki ya kuzungusha ili kichwa cha kebo kishikamane na tundu. Wengi huiacha, kwa kuwa umeme unawaka hata bila pete. Pete ndiyo inayozuia mvua, na muhimu zaidi, ndiyo inayobeba uzito wa kebo ili taya za shaba zisiubebe. Fundi huongeza kamba fupi, akaifunga kebo kwenye reli ya boti, iwe na ulegevu wa kutosha boti inapopigwa na mawimbi ya meli inayopita. Kipande cha kebo kinachobaki hakizungushwi kikawa duara lililobanana. Zile wati zilizokuwa zikipokewa na upepo zingekaa humo humo na kuchemshana.

Hapo Seattle penyewe kampuni ya SmartPlug ilibuni plagi ya namna nyingine, yenye pini nene zilizonyooka, isiyozungushwa, inayoshikwa na vibano vya pembeni. Mgusano wake ni mpana na mzito zaidi, na naiona ni hatua ya kweli mbele. Lakini nyuma yake bado kuna skrubu na nyuzi za shaba, na hizo zinamhitaji mtu yuleyule mwenye bisibisi ileile.

Ulaya wana bahati ya hesabu. Gati zao hutumia plagi za buluu za ampea 16 kwa volti 230, ambazo zinapeleka wati 3,680, wakati zile za Marekani za ampea 30 zinapeleka 3,600. Kazi ni ileile kwa mkondo unaokaribia nusu, na kwa kuwa joto hufuata mkondo uliozidishwa kwa mkondo, mgusano mbovu wa kule hutoa joto lisilofika theluthi moja ya lile la Marekani. Afrika Mashariki tuko upande huo wa volti nyingi, 230 Tanzania na 240 Kenya. Bahati hiyo haitoshi kuondoa hewa ya bahari. Nyumba za Lamu, Mombasa na Unguja zinajua soketi ya birika au ya pasi iliyogeuka kahawia kwenye tundu moja, na plagi ambayo ukiichomoa haishikiki kwa moto. Plagi yetu ya miguu mitatu ina fyuzi ndani, na vile vishikio viwili vinavyoibana fyuzi navyo ni mgusano, navyo huota kutu na kulegea. Anayepiga pasi nguo za familia nzima Ijumaa asubuhi anaweza kufanya jaribio lile la gatini bila chombo chochote: azime swichi ya ukutani, ashike waya, kisha plagi, aone kama kuna tofauti. Ikiwepo, vibadilishwe vyote viwili, soketi na plagi, na fundi atazame skrubu za nyuma ya ukuta.

Fundi wa Shilshole hajamaliza mpaka mzigo uwashwe tena na nusu saa nyingine ipite. Anaweka kiganja kwenye kebo, anakisogeza hadi kichwani. Joto likiwa sawa, anamgeukia mwenye boti, ambaye kwa kawaida swali lake ni moja: sasa naweza kuwasha hita mbili na hita ya maji kwa pamoja? Hita ya maji ya wati 1,500 ni ampea 12.5 nyingine, jumla 37.5, breka itakata baada ya muda. Hita mbili peke yake ni 25, breka haitakata, na ndizo zinazomtia fundi wasiwasi zaidi. Anashauri moja iwe wati 1,500 na nyingine ishushwe kwenye wati 750, maji yachemshwe asubuhi hita zikiwa zimezimwa, na mkono uwekwe kwenye plagi kila baridi inapozidi. Kile kichwa cha kebo kilichoungua hakiachi kwenye pipa la gatini kikiwa kizima. Anakivunja taya kwa koleo kwanza, maana kwa nje, upande usio na weusi, bado kinaonekana kama kitu ambacho mtu mwenye boti ndogo na pesa kidogo angekiokota akakitumia.